Baba yangu, randa na rozari

Arobaini ya baba ilisomwa wiki iliyopita, na sasa ndiyo napata nguvu ya kuandika. Nina miaka kumi na moja Bavaria, kusini mwa Ujerumani, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ndugu wakinipigia simu kutoka Masasi, kusini mwa Tanzania, swali moja halikosekani: huko kwa wazungu bado watu wanasali? Miaka yote nililijibu juu juu. Msiba huu umenikalisha chini.

Baba alikuwa seremala, tena katekista wa kigango chetu, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka Ndanda. Ufundi aliupata kwenye karakana ya misheni, na dini alifundishwa hapohapo. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, waliianzisha Ndanda mwaka 1906, baada ya misheni za Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji. Walitoka huku huku ninakoishi, kwenye abasia ya St. Ottilien, na neno lao kubwa ni sali na fanya kazi. Baba maneno hayo hakuwahi kuyatenganisha. Ukimwuliza leo unafanya nini, alisema "nipo kwenye kazi ya Mungu", na ukienda kumtazama unakuta anachonga mguu wa kiti.

Kengele ya kigango ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Aliigonga mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, kwa ajili ya sala ya Malaika wa Bwana. Ile ya saa sita ndiyo ninayoiona nikifumba macho. Analaza randa ubavu ili ubao wa meza usiguse makali, anajikung'uta vumbi la mbao kwenye mikono mpaka viwiko, anatoka, anagonga, anarudi kusimama mlangoni na wanafunzi wake. Wawili kati yao walikuwa Waislamu. Hao walisimama kimya tu wakisubiri, na Ijumaa aliwafungia kazi mapema waende msikitini bila kuombwa. Dakika nne hazifiki, randa inaendelea.

Meza aliipiga randa mpaka uvunguni. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuleta kitanda, kwa juu kinang'aa, baba akainama, akapitisha kidole gumba chini ya ubao wa pembeni, akakirudisha. Siku mbili kile kitanda hakikutoka karakana. Mteja alikuja juu, akasema hata hajaona kasoro. Baba akamjibu kwamba atakayefagia uvunguni ataiona, na anayefagia ni mke wako.

Mama alikuwa wa ukoo wa Waanglikana wa Masasi, wale wa misheni ya mwaka 1876, na kwao hawakufurahi aolewe na Mkatoliki. Nadhani baba aliwashinda kwa baiskeli. Kila jioni alimchotea mama maji, madumu mawili nyuma na moja mbele, na wanaume wenzake kilabuni kwenye uraka, pombe ya mabibo, wakamcheka. Akawapungia mkono, akapita. Usiku tukishamaliza ugali wa muhogo tulikaa mkekani kwa rozari, na kila fumbo, yaani kila fungu la sala, lilikuwa na mtu wake: bibi anayeumwa mguu, mjomba aliyeko Newala, jirani mwenye kesi. Mimi nilikuwa nasinzia kwenye fumbo la tatu. Hakuwahi kunigombeza. Alinifunika.

Wengi wanamkumbuka kwa sala. Mimi nataka akumbukwe pia kwa kangomba. Kwa wasiojua: fedha zikikauka miezi ya mvua, mwenye nazo humpa mkulima kidogo, naye hujilipa kwa korosho msimu ukifunguliwa, kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku, na bado ipo. Baba alikuwa na fedha taslimu za useremala mwezi Februari, wakati kijiji kizima hakina. Angeweza kuwa tajiri. Watu walimfuata wenyewe, usiku, wakimsihi awachukulie. Aliwakopesha, wakamrudishia kilekile walichokopa, na waliochelewa alikutana nao alfajiri ya mwezi wa Juni akiwasaidia kupuliza dawa ya salfa, maana mkorosho ukishaliwa na ugonjwa wa ubwiriunga hata mdai hapati kitu. Jeneza la mtoto hakulichukulia senti. Lile la msikiti, la kubebea maiti, lilipovunjika mkono alilitengeneza siku hiyohiyo, na tangu hapo hata Waislamu walimwita Mwalimu kama sisi.

Sasa huku. Nisiwaonee wenyeji wangu: kazi wanaiheshimu hasa. Fundi akisema saa mbili, saa mbili yupo mlangoni. Nilipomwona mmoja akipachika mlango wangu, akiweka pimamaji mara tatu kwenye fremu ambayo macho yangu yalishaiona iko sawa, ilibidi niende jikoni nikalie. Jumapili maduka yamefungwa kwa sheria. Baba nilipomweleza alifurahi sana, akauliza basi makanisa yanajaa? Nikanyamaza.

Hayajai. Mkatoliki wa hapa Bavaria hukatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 ya kodi ya mapato anayolipa, na asiyeitaka huenda ofisini kujitoa. Mwaka 2022 peke yake, Ujerumani nzima, walijitoa Wakatoliki zaidi ya 500,000. Wapo waliotoka kwa uchungu wa kashfa za watoto walionyanyaswa na mapadri, na uchungu huo siudharau hata kidogo. Lakini wazee ninaowahudumia ndio wanaolipa gharama nyingine. Mmoja alikuwa anaficha rozari kwenye droo ya soksi. Usiku mmoja akaniomba nisali naye kwa sababu watoto wake hawayajui maneno. Yeye akasali kwa Kijerumani, mimi Salamu Maria kwa Kiswahili, tukawa tunakutana kwenye Amina.

Na kaburi la huku hukodishwa, miaka ishirini hivi, inategemea mahali. Muda ukiisha na hakuna wa kulipia, anazikwa mwingine. Sisi hata Rais Mkapa, mwaka 2020, alirudishwa Lupaso kulazwa kwenye udongo wa kwao.

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu zangu ni hili, hata likiwaudhi: huku wamebaki na fanya kazi, na nyumbani naogopa tunabaki na sali. Tunakesha kwa vipaza sauti mpaka alfajiri, asubuhi fundi anapokea malipo ya awali na hapatikani. Mgonjwa anakosa nauli ya kwenda hospitali, akifa tunachangishana siku hiyohiyo na kukodi maturubai. Baba alikwenda kwa mgonjwa na unga kilo mbili na nyundo, akishamaliza sala anainama kukaza mguu wa kitanda. Huyo ndiye Mkristo niliyelelewa naye, na wala hakuona kwamba anafanya mambo mawili.

Sikuweza kwenda kumzika. Nilifuatilia kwa simu, mtandao ukikatika na kurudi. Nilisikia "Tumsifu Yesu Kristu", nikasikia mamia wakiitikia "Milele, Amina", nikaona shehe wa kijiji amekaa mkekani pamoja na wajomba. Kaburi lilichimbwa na vijana wa msikitini. Jeneza lilitengenezwa kwenye karakana yake, kwa mbao za mninga alizokuwa amezianika mwenyewe, na yule mwanafunzi wa kitanda, ambaye leo ni mtu mzima mwenye watoto wanne.

Kabla ya baba kuwekwa, huyo kaka aliomba simu. Akasema, "Dada, pole. Angalia." Akaingiza simu ndani ya jeneza tupu na kupitisha kidole gumba polepole kwenye ubao, kutoka kichwani mpaka miguuni, halafu akaligeuza ubavu na kunionyesha chini.