Mwalimu aling'atuka kwa awamu mbili
Ndugu mwandishi, makala yako inasema Mwalimu Nyerere alikabidhi madaraka yote 1985. Sivyo. Novemba ile alimwachia Mzee Mwinyi urais tu. Uenyekiti wa chama tawala, CCM, alibaki nao hadi Agosti 1990. Na enzi hizo chama ndicho kilishika hatamu: Halmashauri Kuu ya chama inatoa sera, serikali inatekeleza. Mwaka 1986 Mwinyi akakubaliana na masharti ya mkopo ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), shilingi ikashushwa thamani, huku mwenyekiti wake wa chama, Nyerere, akijulikana kwa kuyapinga masharti hayohayo. Waziri amsikilize nani? Hapa ndipo wanaosifu kung'atuka (neno zuri mno la Kizanaki) hukosea. Waliofuata walifupisha pengo hilo kati ya kuacha urais na kuacha uenyekiti: Mkapa alitoka Ikulu Desemba 2005, uenyekiti akamkabidhi Kikwete Juni 2006.