Kombe la mtoano kwa basiketi: tulitake, lakini la aina gani?

Jumapili moja baada ya mechi pale jim ya Nyayo tulibaki nje tunakunywa chai na wasee wawili, mmoja ni kocha wa timu ya mtaa huku Eastlands, mwingine ni mzee wa meza, yule wa kuandika skoa miaka nenda rudi, na wakaanza kubishana kama basiketi ya wanaume inahitaji kombe la kitaifa la mtoano lenye uzito, yaani ukipigwa leo unaenda nyumbani, hakuna mechi ya marudiano. Kocha anasema lije hata kesho. Mzee anasema ni kuchoma pesa. Nimetembea na hayo mabishano wiki nzima na nimegundua kila mmoja wao alikuwa sawa pale mwenzake hakuwa anaangalia.

Kocha alianza na Nairobi United, na kusema kweli ni ngumu kumjibu mtu akianzia hapo. Juni 2025 hao vijana walikuwa timu ya soka ya daraja la pili, wakaingia fainali ya FKF Cup, lile kombe la mtoano la soka la Kenya, wakaipiga Gor Mahia 2-1, kombe likawapeleka Kombe la Shirikisho la CAF, na huko wakaitoa Étoile du Sahel ya Tunisia wakafika makundi. Timu ya daraja la pili! Sasa kocha anauliza, kwa basiketi kijana wa Umoja au wa Kakamega anapandia ngazi gani ya hivyo? Ligi ni ndefu, pleiofu ni mechi mfululizo na timu ileile, na kwa mfululizo, timu kubwa huwa inashinda tu.

Mzee akaweka kikombe chini akasema, kijana, basiketi siyo mpira wa miguu. Na hapa ndio alinishika. Kwa mpira wa miguu unaweza kupaki basi, yaani kujaza watu nyuma mzuie tu, dakika tisini, upate kona moja, kichwa kimoja, umemaliza. Kwa basiketi huwezi kupaki basi, saa ya sekunde 24 inakulazimisha urushe, na kwa dakika 40 kila timu inapata mpira kama mara sabini hivi. Ukirudia kitu mara sabini bahati inaisha, anabaki aliye bora. Kwa hivyo ile hadithi ya mdogo kumwangusha mkubwa, ambayo ndio roho ya kombe la mtoano kwa soka, kwa basiketi hutokea kwa nadra zaidi, na ukiuzia watu kombe kwa ahadi hiyo watakuja mwaka wa kwanza waone timu ya mkoa imepigwa pointi hamsini, mwaka wa pili hawaji.

Lakini si kweli kwamba haiwezekani. Timu dhaifu ikijua kazi yake inapunguza mwendo, inashika mpira hadi saa ibaki sekunde tano, inakaa zoni, yaani kila mtu analinda eneo lake, inarusha za pointi tatu. Hiyo mara sabini inashuka, na siku tatu-tatu zimeingia lolote linaweza kutokea. Kocha mwenyewe ndivyo anavyofunza, nimemwona kwa simiti ya mtaani anawazuia vijana wake kukimbia, anapiga kelele "subiri! subiri!" hadi anakauka sauti.

Sasa tuangalie kombe lenyewe lingechezwa vipi, maana watu wengi wanapita hapa haraka na mimi naona mambo yote yako hapa. Uhispania wana Copa del Rey ya basiketi, kombe lao la mtoano, tangu 1933. Siku hizi hawazunguki nchi nzima mechi kwa mechi, wanachukua timu nane kufuatana na msimamo wa ligi ikifika nusu msimu, wanazileta mji mmoja mwezi wa pili, robo fainali Alhamisi na Ijumaa, nusu Jumamosi, fainali Jumapili, basi. Mwaka 2023 pale Badalona, Unicaja ya Málaga iliwatoa Barcelona, ikawatoa Real Madrid, ikamaliza na Tenerife. Tamu sana. Ila ukiangalia vizuri Unicaja haikuwa timu ya wanyonge, ilikuwa inazungusha karibu benchi zima, mtu anacheza dakika ishirini anapumzika, na ndio maana Jumapili miguu ilikuwa bado iko.

Hapo ndipo shida yetu iko. Ukileta mfumo wa wikendi moja Kenya unaokoa nauli lakini unaua miguu ya timu ndogo, kwa sababu KPA ni ya bandari, Ulinzi ni ya jeshi, hao wana kazi na mishahara na mtu wa kumi kwenye benchi anaweza kuanza timu nyingine yoyote. Timu ya mtaa ina watu sita wazuri, wa saba anafanya kazi ya zamu na Ijumaa hawezi kuja. Na ukileta mfumo wa soka, raundi baada ya raundi kila wiki mbili, miguu inapona lakini nauli inawamaliza.

Hii ya nauli sijaisoma mahali. Kuna mwaka nilipanda basi la usiku kutoka Kisumu na timu moja ya daraja la chini, tukashuka town bado giza, mechi ni saa nne asubuhi, pesa ya kulala hotelini hakuna. Vijana walijilaza kwenye viti vya jukwaa na mabegi kichwani. Kapteni alikuwa anabandua tepu ya kifundo cha mguu polepole sana, nikamuuliza mbona hivyo, akasema anataka kuitumia tena Jumapili wakishinda. Walipigwa kwa pointi mbili. Jioni ileile walikuwa kwa basi wanarudi. Kwa ligi ungesema wiki ijayo watajirekebisha, kwa mtoano hiyo ndio safari yote, pesa za harambee na kila kitu.

Mzee alikuwa na hoja nyingine nzito: zawadi ni nini? Kwa soka mshindi wa kombe anaenda Afrika. Kwa basiketi mlango mkubwa ni BAL, ligi ya vilabu vya Afrika, na anayepita huko ni bingwa wa ligi kupitia mechi za kufuzu, ndivyo Nairobi City Thunder walivyokuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, 2025 kule Kigali. Kombe lisilopeleka mtu popote linaweza kugeuka bonanza. Hata NBA walipoanzisha lao 2023 ilibidi waweke dola 500,000 kwa kila mchezaji wa timu bingwa, na hao ni watu wenye hela.

Hapo kocha alinyamaza, nikasema mimi yangu. Zawadi moja iko na haionekani kwa akaunti: kuzoea mechi moja ya kufa na kupona. Februari 2021 kule Yaoundé, Morans, timu yetu ya taifa ya wanaume, dhidi ya Angola, Tylor Ongwae akarusha ya mwisho, 74-73, Kenya ikarudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28. Mpira ule ulishikwa na mtu ambaye mkono haukutetemeka. Wachezaji wetu wa nyumbani wanapata wapi mechi za hivyo? Kwa pleiofu ukipoteza ya kwanza kocha anakuambia tulia, kuna kesho.

Kwa hivyo mimi niko upande wa kombe, la timu nane, la wikendi moja, lakini si lile la Uhispania kama lilivyo. Sita zitoke ligi kuu. Mbili zitoke mikoani, zichujwe hukohuko kwa nauli ya matatu, na hizo mbili zicheze Alhamisi ili zikishinda ziwe na Ijumaa ya kulala. Usafiri na malazi yao yalipwe kwanza kabla hata ya kutengeneza medali. Na lisikae Nairobi kila mwaka, Mombasa kuna jim ya Makande na kuna watu wanaojua kushangilia.

Mzee hakukubali yote, bado anaona hizo timu mbili zitaumia. Kocha alipiga hesabu kwa vidole, watu kumi na wawili, yeye, na wa kubeba maji, kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka. Akasema hiyo hata wasipolipiwa anaweza kuchanga, akaomba chai ingine.