Mkono wa Kushoto Mezani kwa Mama Mkwe

Jamani, mkono wangu huu wa kushoto una kesi. Mie mzaliwa wa Tanga, na mama alinilea kwa kofi: wa kushoto hausogei kwenye sinia. Nikaenda Minnesota, nikakaa miaka 19, nikala kiapo, nikapewa pasi ya Marekani. Huko nako nikakuta watu wanakula kwa mkono mmoja, wa pili umelala zake mapajani. Nikashukuru, nikasema huu mkono sasa umepata nchi. Kisha nikaoa Mfaransa.

Jumapili ya kwanza ukweni, Montpellier, supu haijapoa, baba mkwe akainama kunichungulia. "Mkono wako mwingine uko wapi?" Meza nzima ikanyamaza. Kumbe kwa Wafaransa mikono yote miwili sharti ionekane, vifundo vimeegemea ukingo wa meza, viwiko mbali. Mkono uliojificha unafanya nini huko chini? Basi nikauleta juu. Ulikuwa na umri wa miaka 41 na haujawahi kualikwa mezani. Haukujua pa kutazama, ukaanza kuchezea chupa ya chumvi.

Tena hapo nilikuwa nimeshachoka, maana kabla ya kukaa kuna mabusu. Sisi tunaishi Lyon, huko shavu na shavu mara mbili, yamekwisha. Montpellier ni mara tatu. Unaendesha gari kilomita 300 hivi, ukishuka hesabu imeshabadilika. Mara ya kwanza nilitoa mawili nikarudi nyuma, shangazi wa mke wangu akabaki na shavu hewani kama mtu aliyeachwa na basi. Safari iliyofuata nikakumbuka matatu, ila nikaanzia upande usio wenyewe, miwani ikagongana. Piga hesabu: watu 12, matatu kila mmoja, 36 kuingia na 36 kutoka. 72! Na 72 yenyewe kwa Kifaransa ni "sitini na kumi na mbili". 99 ni "ishirini nne na kumi na tisa". Namba tu ya simu unaitajiwa kama fumbo la harusini.

Mie kwa uzoefu wa Minnesota nilidhani kukumbatia ndiyo heshima. Siku ya kwanza nikamvuta mama mkwe kifuani, nikampigapiga mgongo. Alikauka kama ubao wa kupigia pasi. Shavu atakupa hata kama hajakujua jina, lakini kifua, ah, hapo umevuka mpaka. Na miaka yote hii bado ananiambia "nyinyi". Mie mmoja tu, naitwa nyinyi! Mke wangu anasema ni adabu. Sawa, lakini mbwa anaitwa "wewe".

Saa nayo ina mambo yake. Wakikualika saa sita na nusu, usifike saa sita na nusu. Wana robo saa ya adabu, ya kumwachia mwenye nyumba avae. Mie Mmarekani nikafika kwa sekunde, mama mkwe akanifungulia na vibiringisho vya nywele kichwani. Angekuwa mama yangu wa Tanga angefika saa nane, akasifiwa kwa malezi mema.

Halafu sasa kula. Minnesota nilikuwa nakula ndani ya gari, mkono mmoja kwenye usukani, taa ikiwa nyekundu natafuna, ikiwa ya kijani nameza. Hapa kuna vinywaji vya kufungulia hamu, ambavyo mie nasindikiza na juisi kwa kuwa sinywi. Kuna kianzio. Kuna nyama na mboga. Ukidhani imekwisha, inakuja saladi, na jani la saladi halikatwi kwa kisu, linakunjwa kwa uma kama barua. Kisha jibini. Kisha kitamtamu. Kisha kahawa, peke yake, maana kuichanganya na kitamtamu ni ushamba. Saa kumi na moja jioni ndiyo mnaulizana mtakula nini usiku.

Nikamwambia shemeji, huku ni kuteseka. Akanijibu kwa madaha kwamba mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Wafaransa kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2022 wakaongeza na ufundi wa bageti, ule mkate wao mrefu. Nikasema vizuri, nitawaandikia barua. Hao UNESCO wana makao makuu wapi? Paris.

Kwenye jibini ndiko nilikopotezea heshima yote. Lilikuja pande la Brie, pembe tatu kama kipande cha keki. Nikakata ncha, kwa unyenyekevu, kipande kidogo tu. Shangazi akavuta pumzi. Kumbe ncha ile ndiyo moyo wa jibini, ndipo palipoiva kuliko kote. Inakatwa kwa urefu, kila mtu apate moyo na apate ganda. Mie nimekula pua ya ukoo mzima! Kwa aibu nikarudisha mkate mezani, ukalala kifudifudi. Mama mkwe akaugeuza bila neno. Wanasema zamani waokaji waliuweka hivyo mkate wa mnyongaji, kwa hiyo nuksi. Mwenye amani pale alikuwa mbwa tu, chini ya kiti cha baba mkwe, mnene kama gunia. Mama mkwe analalamika daktari kamkataza mbwa jibini mwaka wa pili sasa, lakini uzito haupungui, na daktari huyo labda hajui kazi yake.

Mwaka huu Januari tukaenda kula keki ya Wafalme, ile ya sikukuu ya Epifania. Nimeileta kutoka Lyon, ile ya lozi. Kumbe Montpellier ya kwao ni mkate laini wa duara wenye matunda ya sukari. Yangu wakaila huku wakinisamehe. Ndani kinafichwa kidude cha kauri, atakayekipata anavishwa taji. Marekani sheria ya 1938 inakataza kuficha kidude ndani ya peremende. Hapa unavunja jino, unapigiwa makofi.

Desturi ni kwamba mdogo kuliko wote anaingia chini ya meza, anapaza sauti kusema kila kipande ni cha nani, pasiwe na upendeleo. Watoto wa shemeji walikuwa na mafua, wamebaki kwao. Mama mkwe akazungusha macho, akakokotoa, yakanitua mie. Miaka 43, kitambi, magoti yanalia. "Nyinyi," akasema.

Nikaingia. Jamani, kuna raha kule chini! Hakuna uma, hakuna jibini, hakuna anayekutazama. Nikakaa kitako kati ya viatu, nikapumua. Ndipo nikaona mkono. Wa kushoto, wenye saa ya dhahabu, umeshuka polepole pembeni ya goti la baba mkwe, umeshika ganda la Brie, na mbwa anapokea kwa ustaarabu kama mtu wa kila Jumapili.

"Hiki cha nani?" mke wangu akauliza huko juu.

"Cha baba," nikajibu. "Ila kwanza mwulizeni, mkono wake mwingine uko wapi?"