Mtoto wa Miezi Mitano Ananidharau

Mimi mtu akiniambia twende tukatembee, naelewa kutembea: mguu mmoja mbele, mwingine unafuata, huku tunamsengenya mkuu wa idara. Sikujua kuna kutembea kwa kusimama. Mmesimama kwenye njia ya chuo inayopita kando ya bahari, msimu wa majani kupukutika, upepo unakupekua mpaka ndani ya shati, na mwenzako kabandika darubini machoni ananong'ona, "Usitikisike." Nitikisike vipi na nimeshaganda?

Na kinachotazamwa ni vitwitwi, ndege wa ufukweni. Kundi zima rangi ya tope, limesimama kwenye tope. Mwenzangu anawapambanua kwa miguu na midomo. Mimi nawaona wote baba mmoja mama mmoja.

Kuna wale wadogo weupeweupe wanaokimbizana na mawimbi. Maji yakirudi wanayafuata, maji yakija wanatimua mbio, yakirudi tena hao! Nikasema hii kazi ya bure. Naambiwa wanadonoa vijidudu vinavyofunuliwa na maji, tena wamezaliwa kule Aktiki, kwenye barafu ya kaskazini kabisa mwa dunia. Nikanyamaza. Aliyetoka Aktiki kwa mabawa yake utamfundisha nini kuhusu kutafuta riziki?

Kilichoniudhi hasa ni habari ya mtoto. Kuna ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu, anaitwa godwit. Mwaka 2022 mmoja wao, umri miezi mitano hivi, alifungwa kifaa cha setilaiti. Akaondoka Alaska, kule kaskazini kabisa mwa Marekani, Oktoba 13, akatua Tasmania, kisiwa cha Australia, siku 11 baadaye. Kilomita 13,560! Hakutua njiani, hakula, hakunywa, hakumwambia mtu "nishikie mkoba." Kabla ya safari ndege hawa hujaza mafuta mpaka yanafika nusu ya uzito wao, halafu utumbo na firigisi vinasinyaa kupunguza mzigo. Kunenepa na mimi nanenepa, tena bila kujisifu. Ila ghorofa ya tatu sijawahi kuifikia bila kupumzika ya pili.

Eti wazazi je? Vitwitwi wengi wazazi hutangulia, watoto wanafuata baadaye. Hakuna wa kuwashika mkono. Jua, nyota na usumaku wa dunia vinawatosha.

Sasa njoo kwetu wenye shahada. Idara yetu ilihamishwa kutoka jengo hili kwenda lile pale, ukipiga chafya huku wanakuombea afya kule. Kikaitwa kikao. Kikao kikazaa kamati, kamati ikazaa fomu, fomu ikarudishwa kwa sababu nimesaini kwa wino mweusi. Kabati langu liliondoka asubuhi likiwa limebebwa na vijana wanne wenye afya zao. Mpaka leo halijafika. Na lenyewe halikufungwa kifaa cha setilaiti!

Hayo ndiyo niliyokuwa namweleza mwenzangu, labda kwa sauti kidogo, maana jambo la kabati lina uchungu wake. Mara purrr! Kundi lote likaruka, likageuka kwa pamoja juu ya maji na kupotea. Watu wote wenye darubini wakanigeukia mimi, wengine bila hata kuzishusha.

Yaani ndege wamevuka bahari na dhoruba, usiku na mchana, hawakutishika. Wamefika hapa, wanatishwa na kabati!