Kujitegemea si kipimo pekee cha kupona

Wadogo zangu mnaoniuliza kama mje kusoma shahada ya uzamili ya tiba kwa vitendo (occupational therapy), yaani kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku, huku Marekani, jibu langu ni njooni. Ila mje mkijua kwamba kuna jambo moja mtakalohubiriwa darasani, maabara na wodini, nalo ni kujitegemea. Mgonjwa avae mwenyewe, aoge mwenyewe, apike mwenyewe. Mwanafunzi naye ajilipie, ajisafirishe, ajipambanie. Mimi nimekulia Tanzania, ambako mgonjwa ana watu wake, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wenzetu wamechukua nusu ya ukweli wakaifanya ukweli wote.

Sifa wanazostahili nazitoa kwanza, maana ni nyingi. Anatomia hapa haiishii kwenye michoro. Miili tunayojifunzia ni ya watu walioitoa kwa hiari yao walipokuwa hai, na tunafundishwa kuiheshimu hivyo. Ukishavuta kano moja kwenye kigasha, ukaona kidole cha shahada kinajikunja upande wa pili, huhitaji tena kukariri kano ipi inakwenda wapi. Ndivyo ilivyo pia kwa vigango vya mkono, yaani vifaa vya kuushikilia mkono ulioumia. Bamba la plastiki linatumbukizwa kwenye maji ya moto, nyuzi 70 hivi, likilainika unalitoa, unalifuta, unalilaza juu ya mkono wa mwenzako. Una muda mfupi sana kabla halijakakamaa. Lazima lifuate mkunjo wa kiganja, liache nafasi kwenye ule mfupa unaochomoza kifundoni upande wa kidole cha mwisho, na kingo zake ziwe laini, la sivyo kesho mgonjwa anarudi amechubuka. Mwalimu anapitisha kidole chake ukingoni, na akikwaruzwa kidogo tu unaanza upya. Ukali wa namna hiyo naupenda. Ningetamani kila mwanafunzi wa nyumbani awe na bamba la kutosha la kukosea.

Sasa twende wodini. Katika wodi za utengamao, yaani za kumrejeshea mgonjwa uwezo wake, mgonjwa kwa kawaida anatakiwa awe na uwezo wa kuhimili saa 3 za tiba kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kila tendo, kuanzia kula, kupiga mswaki, kwenda chooni hadi kuvaa, linapewa namba kuanzia 1 hadi 6. Aliyepata 6 anafanya bila msaada wa mtu. Aliyepata 1 anafanyiwa kila kitu. Jioni mwanafunzi anakaa kwenye kompyuta kuandika maelezo, na maelezo hayo ni nusu ya kazi yenyewe, kwa sababu anayelipa, mara nyingi bima, anataka kuona kwa maandishi kwamba huduma hii ilihitaji mtaalamu. Namba inayopanda ndiyo ushahidi rahisi kuliko wote. Kwa hiyo hata ukiingia darasani na moyo wa namna gani, baada ya muda macho yako yanaanza kutafuta 6.

Chukua mfano wa mgonjwa wa kiharusi anayejifunza kuvaa shati. Kanuni ni kwamba mkono dhaifu unatangulia kuvaa, na unakuwa wa mwisho kuvua. Anauweka mkono uliopooza mapajani, anauvisha mkono wa shati kwa mkono mzima, unafika kwenye kiwiko unakwama. Anavuta, haupiti. Anapumzika. Wewe umesimama hapo, mikono inakuwasha, na msimamizi wako nyuma anasema taratibu, mwache. Nakubaliana naye. Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kutenda, na ukimvalisha kila siku kwa huruma umemnyima zoezi analolihitaji kuliko yote. Hiyo ndiyo nusu ya ukweli ninayoisema, na ni nusu nzito.

Lakini pembeni ya kitanda yupo binti yake, amekuja kumuuguza, anauliza: si nimvalishe mimi? Mzee huyo anarudi kwenye nyumba yenye watu. Nguvu zake za asubuhi ni chache, na akizimaliza kwenye vifungo vya shati, hana za kuketi sebuleni na wajukuu wala za kwenda kwenye ibada. Nani ameamua kwamba vifungo ni muhimu kuliko ibada? Vitabu vyetu vyenyewe vinasema malengo yatoke kwa mgonjwa. Fomu ndiyo haina mahali pa kuandika kwamba mgonjwa huyu ana binti, na binti ni sehemu ya uwezo wake. Nilifarijika sana nilipokutana na kazi ya Michael Iwama na wenzake wa Japani, waliotengeneza mfumo unaoyatazama maisha ya mtu kama mto, ambamo watu na mazingira yanayomzunguka ni sehemu ya mto huohuo. Nao waliona kwamba nadharia zilizotoka Magharibi zinamkata mtu na watu wake. Kwa bahati mbaya, katika ratiba ya masomo mfumo huo ulipitiwa haraka mno.

Nyumbani, mwanafunzi anayesomea taaluma hii, kwenye hospitali ya KCMC kule Moshi kwa mfano, hana anasa ya kumsahau ndugu. Ndugu ndio wanaogesha, wanaolisha na wanaomgeuza mgonjwa kitandani. Wataalamu ni wachache, wagonjwa ni wengi, kwa hiyo usipomfundisha mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo namna ya kumketisha, kumlisha na kumbeba, tiba yako inaishia mlangoni. Kumfundisha anayeuguza ni ujuzi kamili, una mbinu zake, na huku niliona unapewa siku za mwisho tu, mgonjwa akiwa tayari anafungasha kuondoka.

Mtu asinielewe vibaya, familia zetu sizipambi. Nimeona viwiko na magoti yaliyokakamaa kwa sababu mgonjwa alifanyiwa kila kitu na watu waliompenda. Nimeona watoto wanaobebwa hadi wanakuwa wakubwa kuliko mgongo wa mama. Na anayeuguza karibu kila mara ni mwanamke, ambaye hakuna anayemuuliza kama mgongo wake unauma. Hapo ndipo tunapohitaji kile ninachokisoma huku. Ila tukichukue kiingie ndani ya familia, kisije kuiondoa.

Vifaa navyo ni hivyohivyo. Baada ya upasuaji wa nyonga, wagonjwa wengi hukatazwa kukunja nyonga kupita nyuzi 90, basi huku anapewa kiti cha choo kilichoinuliwa na mambo yamekwisha. Mgonjwa wa choo cha kuchuchumaa je? Hapo unahitaji fundi seremala, kiti kigumu chenye tundu na miguu mipana isiyoteleza. Zimbabwe ndiko ilikoanzia teknolojia ya kutengeneza viti vya watoto wenye ulemavu kwa karatasi, maboksi na gundi ya unga, kazi aliyoiendeleza Bevill Packer. Ningependa darasa la uzamili lolote duniani lifundishe hilo sambamba na bamba la plastiki.

Na mwanafunzi mwenyewe? Mafunzo ya vitendo ya ngazi ya pili ni wiki 24 za kazi ya muda wote, kwa kawaida bila malipo, na ada ya chuo unaendelea kulipa. Unaweza kupangiwa mji mwingine, au jimbo lingine. Kwa viza ya mwanafunzi hupati mkopo wa serikali kuu, na wakati wa masomo kazi unayoruhusiwa kwa kawaida ni ya chuoni, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Wanafunzi wenyeji nao wanaumia, wanamaliza na madeni yanayowaamulia kazi ya kuchagua. Naliona hili ni kosa la mfumo mzima. Huwezi kumtaka mtu ajifunze kuhudumia wengine huku unamwacha alale na njaa.

Kilichotuvusha ni kikundi chetu cha kusomea. Kupima nguvu za misuli kunahitaji mkono wa mtu mwingine, kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani kwenda kwenye kitimwendo kunahitaji mtu wa kujifanya mgonjwa, na maswali ya mtihani wa taifa, ambao lazima uufaulu ndipo uifanye kazi hii, yanaeleweka ukibishana na wenzako. Hata taaluma yenyewe ilianzishwa hivyo. George Barton, msanifu majengo aliyekuwa amepooza upande wa kushoto, aliwakaribisha wenzake nyumbani kwake Clifton Springs, New York, mwaka 1917 kuunda chama cha kwanza. Alikuwa na Isabel Newton, katibu wake ambaye baadaye alikuwa mkewe, pamoja na Eleanor Clarke Slagle na William Rush Dunton miongoni mwa wengine. Mgonjwa aliyezungukwa na watu ndiye aliyetuletea kazi hii.

Kwa mnaojaza maombi sasa hivi: hakikisheni programu imeidhinishwa na ACOTE, chombo cha Marekani kinachokagua programu za taaluma hii, kwa sababu bila hiyo aliyesoma hapa hakubaliwi kukaa mtihani wa taifa. Ulizeni mafunzo ya wiki 24 hupangwa wapi, usafiri ni juu ya nani, na kama chuo kina mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa kigeni katika kipindi hicho. Ombeni majibu kwa maandishi kabla ya kulipa chochote.