Mtoto wa Kibirizi hakuzaliwa anajua mpira

Kila mchezaji wa Kigoma aking'ara Ligi Kuu, vijiweni Mwanga na Ujiji husikika neno lilelile: "Huyu kazaliwa nao." Mmoja atasema ni dagaa, mwingine maji ya Ziwa Tanganyika. Linasemwa kwa mapenzi, najua, na zamani hata mimi nililisema. Sasa linaniuma, kwa sababu ndilo linalotufanya tuamini kwamba mtoto wa huku hahitaji kufundishwa.

Nenda Kibirizi, mtaa wa wavuvi hapa Kigoma, siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupumzika na mpira huchezwa ufukweni mpaka jioni. Utamkuta mtoto wa miaka 10 kachanganyika na wavuvi wenye mabega ya kuvuta nyavu. Mchangani mpira haubingiriki vizuri, na akichelewa kuuachia anapigwa kumbo. Basi anajifunza kuugusa mara moja na kuutoa. Akifika miaka 16 anang'ara kwenye fainali ya ndondo, michuano ya mtaani, nasi tuliokuja siku hiyo tu tunasema kazaliwa nao. Miaka sita ya mchangani tumeifuta kwa maneno mawili.

Sikatai kwamba yapo ya kuzaliwa nayo. Mbio, kwa mfano, na kimo. Lakini kwenye kimo hapohapo namkumbuka Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma, ambaye hakujaliwa urefu ambao watu wanautafuta kwa kipa. Mwaka 2003 ndiye aliyekuwa langoni Simba ilipoing'oa Zamalek ya Misri kwa penalti kulekule Cairo. Angeishia hapo, tungesema ni kipaji na ujana. Ila mwaka 2019, akiwa na miaka 34, kocha Etienne Ndayiragije alimrudisha Taifa Stars. Agosti Stars ikaitoa Kenya kwa penalti Nairobi, Septemba ikaitoa Burundi kwa penalti Dar es Salaam, mara zote Kaseja akiwa golini. Mwili wa miaka 34 hauruki kama wa miaka 18. Kilichokuwa kimeongezeka ni macho: kusoma nyonga ya mpigaji, kuangalia mguu wa kusimamia umeelekea wapi, kuvumilia nukta moja zaidi kabla ya kuruka. Hayo hupatikana kwa mechi nyingi sana, na kwa makocha wa makipa wanaokupigia mashuti mpaka giza linaingia.

Mimi nilitambua nilichokosa nikiwa na miaka 19, nilipopanda treni kwenda Dar kufanya majaribio kwenye timu moja. Mtaani Gungu nilikuwa namba 10, hakuna aliyeninyang'anya mpira kirahisi. Siku ya pili ya majaribio kocha akatuchezesha miguso miwili tu, kisha akaniita pembeni. "Mdogo wangu, mpira ukiwa kwa mwenzako, wewe unasimama wapi?" Sikuwa na jibu. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza. Vijana niliowakuta pale hawakunizidi mpira ukiwa mguuni, lakini walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kugeuza shingo kabla pasi haijafika, kuziba njia, kurudi haraka mpira ukipotea. Siku ya nne nikaambiwa asante. Safari ya kurudi Kigoma, mwisho wa reli, ilikuwa ndefu, na njumu nilikuwa nimeziazima.

Ndiyo maana nasema mchanga wa Kibirizi unamfikisha mtoto mahali fulani, kisha unamwacha. Kuanzia hapo anamhitaji mtu wa kumwonyesha asichokiona. Na mtu huyo huku ni adimu. Mara nyingi mwalimu wa darasani hukabidhiwa filimbi wiki mbili kabla ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na siku ya kuchagua timu wanaobebwa ni waliotangulia kurefuka. Yule mdogo mwenye akili ya mpira anaambiwa asubiri mwakani, na mwakani hatokei, yuko kwenye mtumbwi.

Tangu Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, ipande Ligi Kuu mwaka 2023, Uwanja wa Lake Tanganyika unatuletea timu kubwa hapahapa nyumbani, na nafurahi mno. Ningefurahi zaidi kama kila kata ingekuwa na kocha mmoja tu aliyelipiwa kozi, akakabidhiwa mipira kumi na watoto wa chini ya miaka 12.

Jioni nafundisha watoto Gungu. Swali la yule kocha nawauliza kila siku. Yupo binti wa miaka 11, mwembamba, ambaye mwezi wa kwanza alikuwa anaufuata mpira kila unakokwenda. Jumamosi iliyopita, kabla pasi haijamfikia, aligeuza shingo mara mbili, akamwona mwenzake upande wa pili, akautoa kwa mguso mmoja. Wazazi waliokuwa pembeni hawakushangilia, kwani hapakuwa na chenga wala bao. Nilisimamisha mazoezi nikamwomba airudie, wenzake waone.