Ukuta ukipinda, kabati lisipinde nao

Fundi wangu wa kwanza alipima nafasi ya kabati la nguo, kati ya ukuta na ukuta, mara moja tu, usawa wa kifua chake, akaandika namba kiganjani akaondoka. Nyumba iko Pasua, hapa Moshi, na imejengwa kwa awamu kama nyumba zetu nyingi: bloku mwaka huu, lipu mwaka mwingine, kila awamu na fundi wake. Ningekuwa na akili ya leo ningemrudisha kabla hajafika getini.

Milango ilipokuja ikagongana juu, chini ukabaki mwanya wa kupitisha kidole. Nikamuuliza. "Mama, si ukuta wako ndio umepinda?" Ni kweli umepinda, lakini haukupinda usiku ule, ulikuwepo siku aliyopima. Akatoa randa, akala ubavu wa mlango mpaka ukafunga. Yaani aliuharibu mlango ufanane na ukuta. Masika ilipoingia mbao zikavuta unyevu, zikavimba, mlango ukagoma kabisa. Mwezi wa nne wote tuliishi kwa masanduku.

Tangu hapo nina msimamo: seremala asifuate ukuta. Mlango unafuata bawaba, na bawaba zinafuata mhimili, yaani ule ubao wa wima zilikofungwa. Mhimili ukisimama kwa timazi, wima kabisa, mlango unatulia popote ulipouacha. Ukiinama kuja chumbani kidogo tu, mlango utajifungua wenyewe usiku, na watoto wataanza hadithi za majini.

Fundi wa pili alipima upana mara tatu: chini sentimita 180, katikati 178.6, juu 177.4. Akapima na kona kwa kona. Kisha akatengeneza fremu ya 174, ndogo kuliko hata pale palipobana zaidi. Nikadhani amekosea hesabu, nikanyamaza kwa adabu. Akaisimamisha kwa pima maji ndefu (ile fupi ya sentimita 30 inadanganywa na kila uvimbe wa lipu), akatia kabari chini, kwa sababu sakafu nayo ina mteremko wake, na kabari pembeni, ndipo akaikaza ukutani. Pengo la kushoto likawa 1.7 juu mpaka chini. La kulia lilianza 1.7 juu, likafika 4.3 chini. Sasa uhuni wa ukuta ukawa wazi, wote upande mmoja.

Kazi iliyofuata ningeitazama tena hata leo. Aliegesha ubao mwembamba wima karibu na ukuta, akashika kalamu ya risasi pamoja na kipande kidogo cha mbao, akaviburuta toka juu hadi chini, kipande kikigusa ukuta muda wote. Kila kibonde na kila uvimbe ukajichora kwenye ubao. Akakata kwa kufuata mstari ule, akauchomeka kwenye pengo, ukakaa kama umeota pale.

Milango aliipima baada ya hapo, siyo kabla. Hapa wateja tuna lawama zetu, maana tunataka fremu na milango vishuke kwenye kirikuu siku moja ili tulipe nauli moja.

Shemeji yangu anasema ningepiga lipu upya tu. Kwa tofauti ya sentimita 2.6 kati ya juu na chini? Lipu nene hivyo ikipigwa kwa mkupuo mmoja inapasuka au inabanduka. Ipigwe tabaka kwa tabaka, ikauke, ipakwe rangi, na chumba chote kiwe vumbi. Wengine wanategemea zile bawaba za kisasa zinazozama kwenye shimo la milimita 35, kwa kuwa zina skrubu za kurekebishia. Zinarekebisha milimita chache tu. Ni za kumalizia kazi, haziwezi kubeba ukuta.

Kipande cha kulia nimekipaka rangi ya ukuta, hakionekani. Vumbi la kiangazi bado linapenya katikati ya milango na kutua kwenye mashati meupe, na hilo fundi alinitazama tu akacheka.